Hesabu ya Ghorofa

Kadi ya maumivu ina nyuso sita:
wa kwanza anacheka, wa mwisho analia.
Syombua aliitazama, akanirudishia.
"Hawa hawana masikio," alisema. "Na mimi silii hivyo."

Basi tukatumia jengo lao.
Pipeline, ghorofa saba, lifti hakuna,
ngazi za saruji zimelika katikati kama kipande cha sabuni,
maji hupanda kwa mgongo wa mama yake
Jumanne na Ijumaa.
"Leo niko ya pili, Sista," yaani mguu unanong'ona tu.
Ya tano: usiguse shuka.
Ya saba hakuitaja. Alinyoosha kidole juu,
nami nikatoa chupa mkobani.

Naivuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano,
naiinua kwenye mwanga wa dirisha
(dirisha lenyewe linatazama dirisha la jirani,
ukinyoosha mkono unagusa soksi zao;
jua hupita hapo robo saa, adhuhuri,
nami nimejifunza kufika kabla yake).
Naisukuma polepole shavuni, si kooni.
Kisha sukari nguru, punje kama ukucha.
Kisha tunangoja.

Chuoni nilifundishwa mishipa, vidonda, hesabu ya matone.
Kungoja nimefunzwa na mtoto wa miaka tisa
anayeteremka macho yakiwa yamefumbwa:
sita.
Tano.
Tano bado.
Bado, Sista, usiongee.
Nne.

Baba yake alinifuata koridoni.
"Kama mmekata tamaa, si mseme?"
Nilikuwa na jibu la semina. Nikalimeza.
Nikasema, Mzee Kithome, ugonjwa tumeacha kuufukuza;
mtoto hatujaacha kumfuata.
Hakunijibu. Lakini kesho yake nilikuta
amelikata godoro kwa kisu cha jikoni,
shimo la duara, saizi ya kisigino,
pale pale ngozi ilipokuwa imeanza kuchoka.

Halafu siku moja, namkata kucha, akauliza:
"Nikifa mtanishusha vipi?
Mtungi wa gesi wenyewe hugonga ukuta."
Mwiko wa mama yake ukasimama ndani ya uji.
Nilimaliza ukucha ule. Nikaanza mwingine.
"Baba atakubeba."
"Mgongoni ama mikononi?"
"Unavyotaka wewe."
Alifikiri, kama anayechagua viatu vya shule.
"Mgongoni. Mikononi mtu huona dari tu."
Uji ukaendelea kukorogwa.

Alhamisi hakutaka sukari nguru.
"Uko ya ngapi?"
"Chini."
"Chini wapi? Kwa muuza makaa?"
"Kwa geti," alisema. "Kuna upepo."
Niliandika kwenye faili: maumivu, hakuna.
Mkono wangu uliliandika neno hilo vizuri,
kwa herufi kubwa, kama mwanafunzi.

Saa kumi na moja alfajiri waliponiita,
mama yake alikuwa ameshamwosha uso.
Akamfunga mgongoni mwa baba kwa leso, fundo mbili,
vile alivyombeba yeye mwenyewe alipokuwa wa miezi mitatu.
Mimi nilitangulia na tochi ya simu.
Sijui nani aliwaambia majirani.
Ndoo zilikuwa zimeondolewa koridoni, na majiko,
na baiskeli ya ghorofa ya nne ambayo haijawahi kuondolewa;
watu wamesimama milangoni na nguo za kulalia,
mmoja na mswaki mdomoni, amesahau kuutoa.
Nilijikuta nahesabu kwa sauti.
Mzee Kithome, nyuma yangu, akahesabu pia.
Tano. Nne.
Kwenye ya tatu alisimama kupumua,
na hakuna aliyemharakisha.

Jumatatu nina mtoto Kariobangi, mvulana, Odero.
Nimeambiwa nyumba yao ni ya chini,
mlango mmoja, ngazi hakuna.
Itabidi anifundishe hesabu nyingine.